Angalia Kwenye Tovuti

Jina la nchi yetu silitaji. Si kwamba naogopa, la hasha. Nchi yenyewe ina haya, na mwenye haya hatajwi mbele ya watu. Ninyi mkiitambua, itambueni kimyakimya, mwendelee na shughuli zenu.

Ni nchi nzuri. Ina milima, ina mito, ina mawaziri. Ina pia desturi mbili ambazo mgeni akizifahamu hapati tabu. Ya kwanza ni kwamba mkubwa huja mwisho. Mkutano ukiitwa asubuhi, mfagizi ndiye anayetangulia, kisha karani, kisha mkurugenzi, na mkubwa kuliko wote anafika watu wakishakata tamaa. Shida huwa pale wakubwa wawili wanapolingana. Hapo kila mmoja humwambia dereva wake azunguke kwanza. Nimeshaona kwa macho yangu magari ya wakurugenzi yakiuzunguka mnara wa uhuru mpaka adhuhuri, waliomo wakipungiana mikono kwa heshima, kila mmoja akingoja mwenzake achoke aingie ndani.

Desturi ya pili ndiyo inayonipa ugali. Wahenga walisema uso umeumbwa na haya. Serikali yetu iliuchunguza usemi huo ikaona unadhoofisha utendaji, maana mkubwa akiona haya macho huteremka, sauti hukwama, na hotuba inaharibika. Basi kila wizara ikaajiri mtu wa kuona aibu kwa niaba ya waziri, na cheo chake kikaitwa Afisa Aibu. Mimi Shomari ndiye Afisa Aibu wa Wizara ya Maji na Matangazo. Waziri akiahidi jambo lisitimie, nasimama nyuma yake nikainamisha kichwa. Jambo likiwa zito zaidi, nafunika uso kwa viganja. Machozi yanahitaji kibali cha maandishi. Kazi si ngumu, ila shingo inauma wakati wa bajeti. Kanuni kali ni moja tu: Afisa Aibu haruhusiwi kuona aibu yake mwenyewe saa za kazi, kwa kuwa huko ni kutumia mali ya umma kwa mambo ya nyumbani.

Nayasema haya mapema ili huko mbele nisije nikaeleweka vibaya.

*

Tuanze na honi. Juu ya Bonde la Kidurusi kuna bwawa la serikali. Mvua zikizidi, milango ya bwawa hufunguliwa na bonde lote hujaa maji. Watu wanalima mpunga huko chini kwa sababu udongo wenye rutuba ni huohuo ulioletwa na maji, na kwa sababu hawana pengine. Zamani pale bwawani palikuwa na honi kubwa. Ikilia, watu walikuwa na siku nzima ya kuvuna kilichoiva, kufunga mbuzi kamba na kupanda kilimani. Mtu angeweza kuwa amelala fofofo mwisho wa bonde, akaisikia.

Siku moja Mheshimiwa Ngwembe, waziri wetu, alikwenda kuikagua honi ile, akaipenda. Ikumbukwe kwamba gari la Waziri wa Barabara lilikuwa na honi ya sauti nne, na la kwake lilikuwa na honi ya kawaida, ya kumfukuza kuku. Basi honi ya bwawa ikafunguliwa boliti zake, ikafungwa juu ya gari la Mheshimiwa. Mimi nikainamisha kichwa kwa kufuata utaratibu.

Bonde lilipobaki bila honi, Mheshimiwa alitangaza kwamba wizara imeingia zama mpya. Honi ni mambo ya kale. Kuanzia sasa itakuwepo tovuti, na kila mwananchi ataisoma kwenye simu yake siku ambayo maji yatafunguliwa. Ikatungwa na sheria kabisa, Sheria ya Chanzo Kimoja: jambo la maji ambalo halijatokea kwenye tovuti ni uvumi, na mtumishi atakayelitamka amefanya uchochezi. Karani mmoja wa bwawani alimnong'oneza mkewe. Hivi sasa yuko mpakani, anapima mvua mahali pasiponyesha.

Mimi nina shangazi huko Kidurusi, Bi Mwantumu. Mama alipofariki ndiye aliyenichukua, akanilea, akanisomesha kwa mpunga wake mpaka nikawa mtu wa kuvaa tai. Goti lake moja ni bovu kwa kusimama majini miaka yote hiyo. Nilipopata kazi serikalini alifurahi kuliko mimi. Aliwaambia majirani kwamba sasa bonde lina mtu wake ndani.

*

Tovuti ya kwanza iliandikwa na Tunu Makwega, fundi wa kompyuta wa wizara, binti mrefu mwenye ulimi usio na breki. Aliiandika kwa mkono, mstari kwa mstari, bila kutumia mtambo wa mtu. Ilikuwa ukurasa mmoja mweupe wenye maandishi meusi. Wiki ya salama uliandika: "Wiki hii maji hayafunguliwi. Kaeni kwa amani." Wiki ya maji uliandika siku, kisha: "Vuneni, hameni." Basi, hapakuwa na kingine. Ukurasa ule ulifunguka hata kwenye simu ya shangazi, ambayo kioo kimepasuka na betri imeshikiliwa kwa mpira.

Lakini nisiwafiche, ulikuwa na kasoro yake. Ulihifadhiwa mahali anapopajua Tunu peke yake, na asiyekuwa Tunu hakuweza kubadilisha hata nukta. Siku alipokwenda kucheza harusi ya binamu yake, bwawa lilifunguliwa kidogo, na ukurasa ukaendelea kusema kaeni kwa amani. Mzee mmoja akapoteza mbuzi wake. Tunu aliporudi, hina ikiwa bado mikononi, aliulizwa akajibu kwamba hata daktari huenda harusini. Jibu lile halikumrudishia mzee mbuzi.

Kwa hiyo mkutano wa kuchagua tovuti ulikuwa na haki ya kuitwa. Upande mmoja alikaa Tunu na ukurasa wake. Upande wa pili walikaa wauzaji wa kitu kinachoitwa Mfumo wa Kusimamia Maudhui, wakiongozwa na Bwana Gaudensi, mtu mpole aliyevaa suti inayong'aa. Magari yalipomaliza kuzunguka mnara, mkutano ukaanza.

"Mfumo hauhitaji fundi," alisema Bwana Gaudensi. "Mwenye nywila anaingia, anaandika, anabonyeza. Dada yetu hapa akienda harusini, mwingine anaandika. Hakuna mbuzi atakayekufa."

"Hilo la mbuzi nakubali," alisema Tunu. "Lakini huo Mfumo wenu ni mzito. Una vipande vingi ndani, na kila kipande kinataka kutunzwa. Watu wa bonde wana simu za kubahatisha na bando la shilingi mbili. Ukurasa wangu hauna kitu cha kuharibika."

"Ukurasa wako hauna kitu kabisa," alisema Bwana Gaudensi, na ukumbi ukacheka.

Mkurugenzi wa Itifaki akanyoosha mkono. "Nimeutazama ukurasa huu kwa makini. Picha ya Mheshimiwa iko wapi?"

"Haipo," alisema Tunu. "Mtu anayekimbia maji ana haja gani na picha?"

"Atajuaje anakimbia kwa hisani ya nani?"

Katibu Mkuu, Bwana Dastani, ambaye husema kwa sauti ya chini ili watu wainame kumsikiliza, naye alikuwa na neno. "Mimi naona hauna mahali pa kuingilia. Hauna nywila. Yaani mkubwa na mdogo wanauona sawasawa?"

"Ndiyo kazi ya tangazo, Katibu Mkuu."

"Hm," alisema Katibu Mkuu.

Bwana Gaudensi alikuwa ameishi nchini kwetu muda wa kutosha. Alifungua kompyuta yake akasema taratibu, "Kwenye Mfumo kuna ngazi. Yupo Mwandishi, anayeandika rasimu. Juu yake yuko Mhariri. Juu ya huyo yuko Mhariri Mkuu, ambaye bila idhini yake neno halitoki."

Mheshimiwa Ngwembe, ambaye tangu asubuhi alikuwa anachokonoa meno, akakiacha kijiti chake mezani. "Umesema ngazi?"

"Ngazi, Mheshimiwa. Na kila mtu anaona jina lake na la aliye chini yake."

Baada ya hapo sijui kama kuna aliyezungumzia maji tena. Mheshimiwa alisimama akatoa hotuba. Alisema taifa linaloridhika na ukurasa mweupe ni taifa lililoridhika na sahani tupu. Alisema Mfumo ni demokrasia, kwa kuwa unampa kila mkubwa nafasi ya kukubali. Alisema historia itatuuliza, nasi tutaijibu kwa picha za rangi. Tukapiga makofi, na Tunu akasema manahodha wengi chombo huenda mrama, akasema kwa sauti ya kusikika. Kesho yake alihamishiwa Idara ya Mazulia.

Alipoambiwa kwamba ukurasa wake hautambuliki tena, na aufute kabla ya kuhama, alikusanya mkoba wake akauliza, "Si mmesema hautambuliki? Kisichotambulika mnakifutaje?" Akaondoka zake. Wengine wote hatukujua umehifadhiwa wapi, na Katibu Mkuu alishauri tusiulize sana, tusije tukaonekana tunautambua. Ukabaki huko mtandaoni, mweupe vilevile, ukisema: "Wiki hii maji hayafunguliwi. Kaeni kwa amani."

*

Mfumo uliwekwa kwa sherehe. Ukiufungua, kwanza ilishuka picha ya Mheshimiwa, kuanzia utosini, polepole, mpaka viatu. Chini ya viatu ndipo palipokuwa mahali pa matangazo.

Ugawaji wa ngazi ulichukua muda kuliko ujenzi wa bwawa. Kila mkurugenzi alitaka kuwa Mhariri Mkuu na kila mmoja alikuwa na sababu. Mwishowe Mheshimiwa, kwa busara, aliwafanya wote, pamoja na Katibu Mkuu, kuwa Wahariri Wakuu. Manaibu wao wakawa Wahariri. Dereva wa Mheshimiwa alipewa Uhariri wa heshima. Ndipo ilipogundulika kwamba hakuna Mwandishi. Ngazi ile ilikuwa ya chini kabisa, na kila aliyeombwa aliumwa.

"Ni ngazi ya aibu," alilalamika Mkurugenzi wa Mipango.

Wote wakageuka wakanitazama mimi.

Ilikuwa kazi nyepesi. Ningeandika tangazo, na tangazo lingetoka siku ambayo Wahariri Wakuu wote wangekuwa wamebonyeza kitufe cha kuidhinisha. Bwana Gaudensi, kwa ukarimu, alikuwa ameongeza kitu kidogo ambacho hatukumwomba: Mfumo ulionyesha nani amebonyeza na kwa mpangilio gani, wa kwanza chini, wa mwisho juu.

Mnakumbuka desturi ya kwanza. Ndani ya wizara yetu, kutangulia kubonyeza kukawa sawa na kufika mkutanoni pamoja na mfagizi. Salamu za Idi nilizoziandika zilitoka wakati wa Krismasi, na watu walizipokea vizuri tu, hawakuwa na haraka nazo.

*

Kisha mvua ikanyesha.

Siku ya Jumatatu wahandisi wa bwawa walipiga simu wizarani. Maji yamefika kiunoni mwa milango, walisema, na Alhamisi yatafunguliwa, mtu apende asipende. Sikupoteza muda. Niliingia kwenye Mfumo nikaandika: "Ndugu wananchi wa Kidurusi, maji yatafunguliwa Alhamisi. Vuneni, hameni." Maneno yale niliyaiba kwa Tunu, maana sikupata mengine yaliyo mafupi zaidi. Mfumo ukanijibu kwa rangi ya kijani: "Hongera. Tangazo lako linasubiri idhini."

Nikaenda kwa Mkurugenzi wa Itifaki.

"Mwenzangu wa Mipango ameshabonyeza?" aliuliza.

"Bado, bosi."

"Akibonyeza, uniambie."

Nikaenda kwa Mkurugenzi wa Mipango, nikamkuta kashika kipanya cha kompyuta mkononi, tayari kabisa.

"Itifaki ameshabonyeza?"

"Bado, bosi. Anakusubiri wewe."

Akakiweka kipanya chini. "Ananisubiri mimi? Yeye ni nani anisubiri mimi?"

Nilizunguka ofisi zote, na kote nilikaribishwa chai. Mheshimiwa mwenyewe alikuwa ng'ambo, kwenye kongamano la mataifa kuhusu namna ya kuwaonya wananchi mapema. Jumanne niliingia kwa Katibu Mkuu, nikamweleza kwa unyenyekevu kwamba Alhamisi iko karibu.

"Haraka haraka haina baraka, Shomari," alisema. "Wakurugenzi wamalize kwanza. Mimi siwezi kuwa kama mtu anayewafungulia mlango."

Hapo simu yangu ikalia mfukoni. Alikuwa shangazi. Nilitaka kuikata, lakini Katibu Mkuu akaniashiria kwa kidevu nipokee, kisha akavaa miwani akajifanya anasoma.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wa huko hawajambo? Sikia, sitaki kukupotezea muda, najua una kazi. Mpunga umeanza kugeuka rangi. Nikiukata sasa nusu yake mbichi, utafaa unga wa uji tu. Nikiuacha mpaka Jumamosi ni mpunga kweli, mwaka mzima sili cha kuomba. Lakini milimani naona kumejifunga, na goti linaniuma vile linavyojua lenyewe. Maji yanafunguliwa lini?"

Miwani ya Katibu Mkuu iliinuka kutoka kwenye karatasi.

"Shangazi," nilisema, "angalia kwenye tovuti."

"Ile mpya nimeijaribu. Kuna bwana anashuka kichwa kwanza. Akifika kwenye nyusi, bando linakwisha."

"Jaribu tena."

"Ile ya zamani ya yule binti ndiyo inayofunguka. Inasema tukae kwa amani. Niifuate hiyo?"

Nilikuwa na jibu kinywani, fupi, la neno moja. Katibu Mkuu aligeuza ukurasa, ingawa alikuwa hajausoma ule wa kwanza. Nikafikiria mpakani, kule pasiponyesha.

"Shangazi, taarifa zote ziko kwenye tovuti."

"Haya, mwanangu. Nitaangalia tena. Na mimi najihangaisha bure, wewe si uko hukohuko ndani? Kama lingekuwepo jambo ungeniambia."

Nikamwambia awasalimie wote. Nilipoweka simu mfukoni, kuna kitu cha moto kilianza kunipanda shingoni kuelekea masikioni. Nilikitambua mara moja, kwa kuwa ndiyo fani yangu. Lakini zilikuwa saa za kazi, nikakimeza.

*

Jumatano nilishuka Idara ya Mazulia. Nilimkuta Tunu amekaa juu ya zulia lililokunjwa, anakula embe kwa chumvi.

"Ule ukurasa wako bado uko hewani," nilimwambia.

"Najua."

"Watu wa bonde wanausoma. Unasema kaeni kwa amani."

"Najua pia."

"Tunu, ubadilishe. Neno moja tu."

Alinyonya kidole akanitazama vizuri. "Mimi ni wa mazulia, Shomari. Nikiugusa ni uchochezi, si ndiyo sheria mliyopigia makofi? Niliwaona. Na wewe nilikuona, ulipiga kwa mikono miwili. Niletee barua ya Katibu Mkuu, nitaubadilisha sasa hivi."

"Unajua hatoi."

"Basi na mimi unajua."

Alikuwa na haki ya kukasirika, na hasira yake ilikuwa juu yetu sisi. Maji yalikuwa yanaelekea kwa wengine. Yeye alikuwa na ufunguo, mimi nilikuwa na habari, na shangazi alikuwa na mpunga. Tunu akanikatia kipande cha embe, nikala, tukaagana vizuri.

*

Bwawa halina wahariri. Alhamisi wahandisi walifungua milango kama walivyosema. Maji yalikuja mchana kweupe, bila kelele, yakapita mashambani, yakapita maghalani, yakaingia nyumba za udongo yakazikalia. Hakufa mtu, na wizara ilijipongeza kwa hilo kwenye taarifa ambayo nayo niliiandika, na ambayo nayo ilisubiri idhini. Mpunga wote wa bonde ulilala. Nyumba ya shangazi ilianguka ukuta wa nyuma kwanza, kisha paa likashuka taratibu likakaa juu ya vitu vyake. Majirani walimbeba mgongoni kwa sababu ya goti.

Mheshimiwa aliporudi kutoka kwenye kongamano, akiwa na cheti, aliona ni vyema aende kuwapa pole wananchi. Tuliondoka na msafara mrefu. Turubai lilikuwa limetangulia, viti vimepangwa kwenye tope, na wananchi, tuliambiwa, wamejaa wanasubiri.

Tulipofika ukingoni mwa bonde, dereva, yule Mhariri wa heshima, akapiga honi ili watu wajue mkubwa anaingia.

Tangu utotoni sikuwa nimeisikia ikilia nyumbani kwake. Ilijaza bonde lote, ikarudi kutoka milimani, ikalia tena. Nikiwa kwenye gari la nyuma niliwaona watu wakitoka chini ya turubai. Walikuwa wanakimbia. Kina mama walibeba watoto, wazee walivuta mbuzi waliobaki, kila mtu anapanda kilimani bila kugeuka nyuma. Dereva alipoona wanakimbia, akadhani wanashangilia, akaongeza.

Tuliposhuka, turubai lilikuwa tupu.

"Wananchi wako wapi?" aliuliza Mheshimiwa.

"Wamekimbia, Mheshimiwa," alisema mkuu wa wilaya. "Wamesikia honi."

"Kwa nini waikimbie honi yangu?"

Mkuu wa wilaya alitazama viatu vyake. Kilimani watu walikuwa wamesimama, wanatutazama, wanatazama na mto, wakingoja kuona maji yatatokea upande gani.

Lakini turubai halikuwa tupu kabisa. Nyuma, juu ya kinu kilichopinduliwa, alikuwa amekaa shangazi. Goti halikumruhusu kukimbia.

Hotuba ilikuwa imeshachapwa, kwa hiyo ilisomwa yote. "Ndugu wananchi," alimwambia shangazi, "serikali yenu iko pamoja nanyi kwa maelfu yenu." Shangazi alisikiliza, mikono mapajani. Mheshimiwa alipofika mahali paliposema "tumesikitishwa", aligeuka akaniashiria. Kibali cha machozi kilikuwa kimeshasainiwa.

Nikasogea mbele, nikainamisha kichwa, nikafunika uso, nikaanza kazi. Kati ya vidole niliona tope, kisha nikaona nyayo mbili zikija, mmoja ukiburutwa. Zikasimama mbele yangu. Shangazi aliinama akanichungulia usoni kutokea chini, vile alivyokuwa akinichungulia nikiwa mdogo nina homa.

"Shomari."

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, niliangalia."

Nikavibana vidole usoni.

"Niliangalia kwenye tovuti, kama ulivyoniambia. Kila siku niliangalia. Hii aibu unayoona ni yako?"

"Ni ya Mheshimiwa, shangazi."

"Ala." Akatikisa kichwa kwa kuelewa. "Kazi ni kazi."

Akashika pembe ya kanga yake, ile iliyobaki kavu, akanifuta machozi mbele ya serikali nzima. Yalikuwa mengi kuliko kibali kilivyoruhusu.

Njiani kurudi Mheshimiwa aliniita kwenye gari lake. Alisema katika utumishi wake wote hajawahi kuonewa aibu vizuri namna ile. Papo hapo akanipandisha kuwa Mkurugenzi wa Aibu.

*

Makao makuu tulikuta habari kwamba kuna tume inakuja kuchunguza ni nani hakubonyeza. Sijapata kuona wakubwa wakikimbilia vitufe namna ile. Itifaki alibonyeza, Mipango alibonyeza, Katibu Mkuu alibonyeza kwa kidole cha kati akaumia. Lakini tangazo halikutoka. Mfumo ulikuwa umeshapata habari za cheo changu kipya, ukaniongeza kwenye orodha ya Wahariri Wakuu, na kisanduku changu kilikuwa kitupu.

Katibu Mkuu alikuja ofisini kwangu mwenyewe, akakaa, akaonyesha kioo. "Bonyeza, Mkurugenzi. Mfumo huweka tarehe ya siku tangazo lilipoandikwa. Likitoka sasa litasomeka la Jumatatu ile. Tume itaona tulionya."

"Na watu wa bonde?"

"Watakuwa walionywa. Msaada wa chakula ni wa waliopatwa na janga. Waliopuuza onyo ni suala lingine." Akatabasamu. "Na tazama, leo wa mwisho ni wewe. Jina lako litakaa juu ya langu. Si kila mtu anapata heshima hiyo."

Nilitazama kitufe. Kilikuwa cha kijani, kidogo, hakina makosa. Nikafikiria mpakani, nikafikiria kiti changu kipya ambacho kinazunguka, nikafikiria kanga yenye pembe moja kavu. Katibu Mkuu alivaa miwani.

Nikabonyeza. Mfumo ukasema hongera.

Tulikuwa bado tunapeana mikono simu ilipolia.

"Shomari, nimeiona," alisema shangazi, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Hapa shuleni tulipohifadhiwa mtandao una nguvu. Yule bwana ameshuka wote, mpaka viatu. Chini kuna maneno. Ngoja nikusomee." Akasoma taratibu, kidole kikifuata, kama vile namwona: maji yatafunguliwa Alhamisi, vuneni, hameni. "Hapa imeandikwa tarehe. Jumatatu. Mimi si nilikupigia Jumanne?"

"Jumanne, ndiyo."

"Na chini yake kuna jina. Inasema, Mwandishi, Shomari." Nyuma yake nilisikia watoto wanalia na mtu anagonga sufuria. "Ni wewe huyu, mwanangu, au ni Shomari mwingine?"

Katibu Mkuu alikuwa ameketi mbele yangu. Zilikuwa saa za kazi. Kile kitu cha moto kikapanda shingoni, kikafika masikioni, kikafika machoni, na safari hii hakikuwa cha Mheshimiwa wala cha mtu yeyote wa serikali.

"Ni mwingine, shangazi," nilisema. "Hapa wizarani tuko wengi wenye jina hili."

Alishusha pumzi, kwa raha ya mtu aliyetua mzigo.

"Nilijua," alisema. "Niliwaambia hapa, huyu si wetu. Wewe ungeniambia."